Akina Mama Mbele

Mimi nikiona aibu huwa mkali. Wenzangu huinamisha kichwa, wengine hulia. Mimi hutafuta mtu wa kumgombeza. Kwa hiyo kipindi kile ambacho simu ya rafiki yangu wa utoto ilikuwa ikiita na mimi naiacha iite mpaka ichoke yenyewe, walioumia ni wateja wangu. Bibi harusi mmoja alikuja kuchukua video ya send-off yake akakuta nimemnunia utadhani ameniibia kuku. Alipouliza kwa nini shangazi yake haonekani, nikamjibu kwamba shangazi yake alikaa nyuma ya spika, kamera haina macho ya kupinda. Aliondoka bila kuaga.

Nina chumba changu cha kuhariri picha hapa Singida mjini, nyuma ya soko. Harusi, kwaya, mahafali, wakati mwingine msiba wa mtu mwenye uwezo. Ndiyo riziki yangu, na siidharau. Kwenye simu nilikuwa nimemwandika "Dada wa Asali", na kila jina hilo lilipotokea kwenye kioo cha simu niliigeuza ikalala kifudifudi, nikaendelea kukata na kuunga picha za watu wanaocheka.

Tulijuana tangu utoto. Kwetu ni Mkalama, upande ule ardhi inapoanza kuteremka kuelekea bonde la Ziwa Eyasi, na Wahadzabe ni majirani zetu. Nasema majirani kwa adabu tu; ukweli ni kwamba wao walikuwepo, sisi Wanyiramba tukaja na majembe. Hilo hakuna aliyetufundisha nyumbani. Tulichofundishwa ni kuwaita Wakindiga, na kumtisha mtoto asiyetaka kuoga kwamba atapelekwa akaishi nao. Mama yake alikuwa akija kwetu na asali kwenye kibuyu, mama yangu anampimia unga wa uwele, na sisi wasichana wawili tunakaa nyuma ya ghala tunatafuna masega mpaka nta inatushika menoni. Yeye alisema Kinyiramba kama mimi. Mimi sikujua hata neno moja la kwao zaidi ya kusalimia, na haikunipitia akilini kwamba kati yetu wawili mjinga nilikuwa mimi.

Miaka michache iliyopita kampuni moja ya filamu ilikuja kutoka Dar es Salaam. Hadithi yao ilikuwa ya bwana wa mjini anayepotea porini na kuokotwa na watu wa porini. Walihitaji mwenyeji, wakaelekezwa kwangu. Walihitaji mwanamke wa Kihadzabe anayejua Kiswahili, nikawapelekea yeye.

Alikuja amevaa fulana na khanga, mkononi ana simu ya kitochi. Mwongozaji alimwangalia kama mtu aliyeletewa chai bila sukari. Walikuwa wamekuja na ngozi zao kwenye gunia, zinanuka dawa ya nondo, wakamvisha. Kisha wakampa kioo kidogo cha kujitazamia, wakamwambia aogope. Apige kelele, akitupe, halafu arudi polepole, akigeuze amtafute mtu aliyejificha nyuma yake. Aliniangalia akaniambia kwa Kinyiramba, "Mwambie kioo ninacho nyumbani. Cha kwangu ni kikubwa kuliko hiki."

Nikamwambia, "Fanya tu dada. Si maigizo?"

Akafanya. Alifanya vizuri kuliko waigizaji wote waliotoka Dar, na hapo ndipo ubaya ulipoanzia.

Filamu ilipotoka niliikuta Shelui, kwenye kibanda umiza kimoja, vile vya kuonyeshea video, karibu na malori yanapolala. Nilikuwa natoka Nzega, nimeshuka kula, nikasikia kicheko nikachungulia. Madereva, matingo, wauza mahindi, wote wamekaa kwenye mabenchi na dada yangu wa asali yuko mbele yao anakimbia kioo. Walicheka mpaka mwenye kibanda akarudisha nyuma waone tena. Na mimi nilitabasamu pale mlangoni. Nilijiambia, kazi yetu imependwa.

Ana binti. Wakati huo binti alikuwa kidato cha pili kwenye sekondari ya kata, analala bweni. Watoto waliosoma naye ni wa kwetu, waliozaliwa na wale wale waliotishwa kupelekwa kwa Wakindiga. Walianza kumwita Kioo. Akipita, wanatoa vioo mifukoni na kumwelekezea, wanagonga ndimi kuigiza lugha yake. Siku moja alikuta kioo juu ya mto wake. Alikunja shuka akatembea mpaka kwao.

Mama yake alipanda basi akaja Singida kunitafuta. Alikaa kwenye kiti wanachokaa wateja, akakataa soda. "Sitaki hela," alisema. "Nataka mwanangu arudi shule kabla ya mtihani wa kidato cha pili. Waliotengeneza picha ile waje wasimame mbele ya wanafunzi, waseme ule ni uongo. Waseme walinifundisha kuogopa."

Haki ya mtu mpe: mwongozaji hakubisha. Nilimpigia nikiwa nimejiandaa kwa ugomvi, nikakuta ananisikiliza mpaka mwisho. Alisema na yeye ana binti. Alisema pia kwamba siku hizi kwenye mikutano yao ya filamu wanazungumzia sana upatanisho na watu wa asili, kwamba umefika wakati wa kurudi kwa wale waliochekwa. Neno hilo, upatanisho, lilinichekesha kidogo, maana kwa watu wa filamu kila mwaka huwa na neno lake. Lakini alikuwa anamaanisha. Alikubali kuikata ile sehemu, na alikubali kuja shuleni.

Ila yeye, dada wa asali, alituambia haiwezekani kuanzia shule. Kilichochekwa si uso wake peke yake. Wazee wa kwao wakae kwanza, waione filamu iliyokatwa, wasikie radhi kwa masikio yao. Wakiridhika, wataongozana nasi shuleni. Wasiporidhika, hakuna wa kwenda. Tukakubali. Akaanza kuzunguka kambi moja hadi nyingine, akiwaambia watu kwamba safari hii wageni hawaji kuchukua, wanakuja kuomba. Walikuja kwa neno lake. Hakuna aliyekuja kwa ajili yetu.

Na mimi nikataka kutoa zawadi.

Mpiga picha wa kampuni ile, kijana mtaratibu, alikuwa amerekodi mambo mengi ambayo hayakuingia kwenye filamu. Alinipa kadi zote za kamera. Niliketi nikazichambua kwa siku nyingi, nikitafuta picha za kuwarudishia wenyewe: watoto wanachimba mizizi, wanawake wanacheka, mtu anapuliza moshi kwenye mzinga. Sisi wahariri tuna ugonjwa wetu. Tunatafuta mahali mtu aliposahau kamera. Uso wa mtu anayejua anapigwa picha ni kama sebule iliyofagiliwa kwa ajili ya wageni. Sisi tunataka jikoni. Nikapata jikoni. Wanaume wamekaa peke yao mbali na kambi baada ya kuwinda, wanakula nyama, wametulia. Hakuna aliyeigiza. Hakuna ngozi za gunia. Nilitokwa na machozi nikiwatazama, nikasema, hawa ndio wenyewe, hii ndiyo filamu tuliyopaswa kuitengeneza. Nikaiweka mwanzo kabisa.

Tulikutana kwenye darasa la shule ya msingi, mchana, siku ya likizo. Tulifunga madirisha kwa mablanketi ili televisheni ionekane, jenereta tukaliweka mbali lisitupigie kelele. Tulikuwa tumeleta unga, sukari na sabuni. Watu walipoanza kuingia, wanawake walikwenda kukaa nyuma karibu na mlango. Nikawafuata. Mimi sipendi kuona wanawake wanakaa nyuma. Kwenye vikao vya kwetu nimegombana sana na watu juu ya hilo. Nikawashika mikono mmoja mmoja, "Akina mama mbele! Leo akina mama mbele!" Wakasogea, na watoto wao mapajani. Mwongozaji akanitikisia kichwa kunipongeza.

Mwongozaji aliomba radhi, na aliomba vizuri, bila maneno mengi. Wazee walimsikiliza. Kisha mimi nikasema tumewaletea kitu kabla ya filamu, nikabonyeza.

Sitaeleza kilichoonekana. Nimekwisha kukionyesha mara moja, na mara moja ilizidi.

Kwanza mwanamke mmoja wa mbele alimfunika mtoto macho. Mwingine akajivuta khanga usoni. Nilidhani ni mwanga, darasa lilikuwa giza na televisheni ile kubwa. Kisha wakaanza kuinuka, na kwa kuwa nilikuwa nimewakalisha mbele, iliwabidi wapite katikati ya wanaume wote, wameinamisha vichwa, wakijigonga kwenye madawati. Wanaume hawakuwatazama. Mzee mmoja akasema kwa Kiswahili, ili sisi tuelewe, "Zimeni."

Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia, "Bado kidogo mzee wangu, panapokuja ndipo pazuri." Nikaongeza sauti.

Aliyezima ni dada wa asali. Alirudi nyumanyuma, mgongo kwa televisheni, khanga kichwani, akapapasa kwa mguu mpaka akaupata waya akauvuta. Kisha akatoka nje bila kunigeukia.

Nilimkuta nyuma ya darasa. Hakunigombeza, na hilo lilinitia hofu zaidi. "Nyama ile mwanamke haioni," alisema. "Ikiliwa, haoni. Wala mtoto. Tangu zamani. Ukiona, kuna ubaya unakuja: kwako, kwa watoto, kwa wawindaji. Wote wale ndani wamekuja kwa sababu mimi niliwaambia njooni."

Nilirudi ndani nikamkamata mpiga picha kwa ukosi wa shati. Nilikuwa nimepata wa kumgombeza. "Wewe ulikuwepo pale! Hukuambiwa?"

"Niliambiwa," alisema. "Niliambiwa nisimwambie mwanamke. Sikumwambia mwanamke yeyote."

"Na kadi ulimpa nani?"

Aliniangalia, nikaona jambo linamwingia taratibu. Hakuwa akitania. Kwake yeye, mhariri si mwanamke wala mwanamume. Mhariri ni mahali kadi zinapokwenda. Nikamwachia shati.

Mzee yule alitaka picha ifutwe wakiwa wanaona. Nikafungua kompyuta mbele ya wanaume, uso wangu umewaka, nikafuta. Akauliza, "Imekwisha?" Nikasema, "Hapa imekwisha. Dar bado ipo." Akatuambia tuondoke. Alisema tulikuja na kosa moja, tunaondoka tumewaachia la pili, na la pili ni kubwa, wana kazi ya kulishughulikia. Shule hakuitaja. Tulipakia jenereta. Unga na sukari hatukujua tuviache au tuvichukue. Tukaviacha, na hata hilo nililiona vibaya, kana kwamba tumelipa.

Nilifanya kila kitu baada ya hapo. Nilipanda basi hadi Dar es Salaam nikasimama nyuma ya kiti cha fundi wao mpaka picha ile ikatoka kwenye mashine zote. Nilihakikisha ile ya kioo nayo imekatwa kwenye nakala zao, ingawa nilijua maji yakimwagika hayazoleki, na kibanda cha Shelui hakina habari na radhi zetu. Nilimsemesha mwongozaji maneno ambayo alistahili na mengine ambayo hakustahili. Kila kitu nilifanya, isipokuwa kupokea simu.

Maana alianza kupiga wiki ile ile. Nilijua anachotaka. Anataka kunitukana, na ana haki. Anataka kuniambia nani ameumwa, mtoto wa nani ameanguka, wawindaji wamerudi mikono mitupu. Nilijiambia nitapokea nikipata la kusema. Kisha nikajiambia simu yangu itamwumiza zaidi. Mtu akijua kujitetea, uongo wake huwa na adabu kama ukweli. Akapiga, akapiga, baadaye akawa anapiga kwa nafasi, baadaye akaacha. Nami nikashukuru, nikaona kumbe hata hasira yake imepoa. Mvua za kwanza zikanyesha. Watu wakapanda.

Aliyepiga mwisho ni mama yangu.

"Mgeni wako yuko hapa tangu jana," alisema. "Simu yangu unapokea, ya kwake ni ya kuita tu?"

"Mama, nina kazi."

"Una kazi gani? Mficha uchi hazai. Njoo."

Nilifika Mkalama mchana. Alikuwa ameketi uani kwa mama, kwenye kigoda, anapukuchua mahindi ya mbegu pamoja naye kama mtu wa nyumbani. Nilimsalimia. Aliitika, akasimama, akaniangalia tangu kichwani hadi miguuni, akanizunguka kidogo, jinsi mtu anavyomkagua mbuzi.

"Umeumwa?" akauliza.

"Hapana."

"Watoto wako?"

"Wazima."

"Gari hazijakuangusha? Hakuna kilichokupata?"

Damu ikanipanda. Nikaona amekuja kutazama kama laana imefika. "Unataka nini kinipate?" nikasema. "Kama umekuja kuniapiza, niapize tumalize!"

Mama aliacha kupukuchua. Dada wa asali hakukasirika. Alinitazama kwa mshangao, kama nilivyokuwa nikimtazama yule mpiga picha.

"Wewe si mwanamke?" akauliza.

Sikumwelewa.

"Sisi tuliona kidogo, tukakimbia," akasema. "Wewe uliona kabla yetu. Uliona siku nyingi, peke yako, kwenye kile chumba, na hukuwa na mtu wa kukuambia. Tulivyotoka nje siku ile wanawake ndilo walilosema kwanza: na yule naye ameona, maskini, na hajui. Wazee wamekaa na sisi wote, mmoja mmoja. Limetengenezwa. Umebaki wewe. Hawawezi kusema limekwisha wakati kuna mwanamke aliyeona bado yuko nje." Akarudi kukaa, akachukua gunzi lake. "Na kabla halijakwisha, hakuna mzee atakayekwenda shuleni. Nilikupigia nikuambie uje."

"Tangu wiki ile?"

"Tangu wiki ile. Wamekungoja."

Ningependa kuandika kwamba nililia. Sikulia. Nilisimama na mkoba wangu begani nikipiga hesabu ya miezi kwa kutazama mahindi, jinsi yalivyokwisha kuchipua kwenye shamba la jirani, na nikajua kabla sijauliza. Mtihani wa kidato cha pili ulikuwa umefanyika. Wao walikuwa wamelimaliza lao mapema, wakati binti bado angeweza kurudi. Kilichomkalisha nyumbani si filamu, si kioo, wala si wale watoto wenye ndimi za kugonga. Ni mimi, na simu yangu imelala kifudifudi mezani, nikijihurumia na kuita huruma hiyo majuto.

Tulikwenda kwao siku ile ile. Kilichofanyika siandiki, nimejifunza angalau hilo. Baadaye tulikwenda shuleni wote, wazee na wanawake na mwongozaji aliyesafiri usiku kucha, akasimama mstarini akasema aliyotakiwa kusema, na mimi nikasema yangu kwa Kinyiramba ili watoto wa kwetu wasijifanye hawakusikia. Binti alianza tena kidato cha pili, pamoja na watoto waliokuwa darasa moja nyuma yake.

Lakini nikikumbuka, kinachonijia si mstari ule. Ninakumbuka uani kwa mama, nimesimama bado na mkoba begani, na mlango wa jikoni ukafunguka. Sikujua kwamba binti naye amekuja na mama yake. Alikuwa amerefuka. Alivaa sweta la shule juu ya gauni la nyumbani, mikono ya sweta imeshakuwa mifupi, na alikuwa amebeba maji ya kunywa ya mgeni, yaani yangu. Akapiga goti kidogo kama wasichana wa kwetu wanavyofundishwa, akanipa kikombe kwa mikono miwili.

"Shikamoo mama," akasema.

Neno la kujibu kila mtu analijua. Unalijibu bila kufikiri, maelfu ya mara katika maisha, na maana yake ni kwamba heshima uliyopewa umeipokea na ni yako. Lilinikwama. Mama ananitazama, mama yake ananitazama, na yeye bado amepiga goti, kikombe mkononi, macho chini, anasubiri.

Nikaitikia. Sikustahili, lakini nilikuwa nimemngojesha vya kutosha.